Spicer-Simson: muzungu mwenye alificha mashua mbili kwenye Ziwa Tanganyika

Hapa Birere, mangaribi, wakati watu wa soko wanafunga vibanda, vijana wanakusanyika mbele ya kompyuta na kucheza michezo ya vita. Kuko mumoja wenye wanapenda sana. Mwenye kucheza anaongoza nyambizi, ile meli ya vita yenye kutembea chini ya maji, na anapashwa kukaribia meli za adui bila kuonekana.

Siku moja nilisimama nyuma yao na kuangalia. Yule mwenye alikuwa anacheza alipoteza nyambizi yake mara tatu, na mara zote tatu kosa ilikuwa ileile. Aliinua periskopu, lile jicho refu la nyambizi, akaliacha juu ya maji kwa muda murefu, tena akiwa anatembea mbio. Jicho likakata maji, mustari mweupe ukabakia nyuma yake, meli ya adui ikaona na ikamurukia. Rafiki yake akamufundisha: punguza mwendo, inua jicho kidogo tu na ulishushe, geuzia adui pua ya meli juu usionekane mupana, na kama unaweza, ngojea usiku. Mara ya ine kijana akafaulu, na chumba chote kikapiga kelele.

Nilirudia nyumbani nikifikiri juu ya ile masomo. Haikuzaliwa ndani ya kompyuta. Kuko watu wenye waliitumia kabisa, na maisha ya watu ilikuwa ndani. Na mumoja wao hakuitumia mbali na sisi. Aliitumia Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, mwaka wa 1915. Jina lake Geoffrey Spicer-Simson. Wazee wengi wa pembeni ya ziwa walisikia habari yake, lakini vijana wetu wengi hawaijue. Ndugu musomaji, leo tunaifungua.

Mwanamaji mwenye hakuwa na bahati

Geoffrey Basil Spicer-Simson alizaliwa tarehe 15 mwezi wa 1 mwaka wa 1876 kule Hobart, kwenye kisiwa cha Tasmania, inchi ya Australia. Angali mutoto mudogo, wazazi wake walihamia Ufaransa, njo maana alikuwa anasema Kifaransa muzuri. Hiyo ilimusaidia sana kisha, kati ya Wabelgiji. Mwaka wa 1890, akiwa na miaka 14 tu, aliingia katika jeshi la majini la Uingereza.

Kazi yenye alijua muzuri ilikuwa kupima maji na kuchora ramani za mito. Alifanya hiyo kazi China kwenye muto Yangtze, kisha Afrika ya magaribi kwenye muto Gambia. Mwaka wa 1902 alioa bibi yake Amy, mwenye familia yake ilikuwa inaishi British Columbia, kule Canada.

Lakini kwa upande wa kuongoza meli, mambo yake ilikuwa mabaya. Alikuwa mutu wa kujisifu, anapenda kuhadisia watu mambo makubwa yenye alifanya, na wengi hawakuyaamini. Mwaka wa 1905 alikuwa na wazo la kukamata periskopu za nyambizi kwa kuvuta kamba ya chuma kati ya meli mbili. Alipoijaribu, kidogo tu azamishe nyambizi ya jeshi lake mwenyewe. Wenzake walipandishwa vyeo, yeye akabakia pale.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza mwaka wa 1914, walimupatia kuchunga kikundi kidogo cha meli karibu na pwani ya Uingereza. Tarehe 11 mwezi wa 11, nyambizi ya Wajerumani ilikaribia mbele ya muji wa Deal bila kuonekana, ikapiga meli yake moja, Niger, yenye ilikuwa imesimama pale na nanga chini. Niger ikazama. Spicer-Simson hakukuwa ndani ya meli. Alikuwa inchi kavu, kwenye oteli, pamoja na bibi yake. Wakubwa wake walikasirika, wakamuondoa kwenye maji na kumutia ndani ya biro.

Kwa hiyo yule mutu alijua uchungu wa kupigwa na adui mwenye haonekane. Mwaka moja kisha, yeye mwenyewe njo atakuwa yule mwenye haonekane.

Ziwa lilikuwa mukononi mwa Wajerumani

Wakati ule Wajerumani walikuwa wanatawala ngambo: Tanganyika, Rwanda na Burundi. Wabelgiji walikuwa huku kwetu. Tarehe 22 mwezi wa 8 mwaka wa 1914, meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann ilishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, na kuiharibu. Kwa Ziwa Kivu, mwezi wa 9 wa mwaka ule, Wajerumani wakakamata kisiwa cha Idjwi. Kwa hiyo hata sisi watu wa Kivu ile vita ilitufikia mulangoni.

Kwenye Ziwa Tanganyika Wajerumani walikuwa na Hedwig na mashua ingine, Kingani. Na mwaka wa 1915 wakaongeza ya tatu, kubwa kupita zote: Graf von Götzen. Hiyo ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikakatwa vipandevipande, ikatiwa katika masanduku karibu 5000, ikaletwa mupaka Kigoma na kufungwa tena kule. Wabelgiji na Waingereza hawakukuwa na kitu cha kuizuia. Na mwenye anashika ziwa anaweza kupeleka waaskari wake pahali popote anataka, leo kusini, kesho kaskazini, na mwenye kuwa kwenye pwani anangojea tu kupigwa.

Mwezi wa 4 mwaka wa 1915, mwindaji mumoja mwenye kuitwa John Lee alifika London na mupango. Alisema Wajerumani wa Tanganyika wanaweza kushindwa na mashua ndogo zenye mbio, kama mutu anaweza kuzileta bila wao kujua. Wakubwa wakakubali. Lakini nani ataziongoza? Maofisa wazuri wote walikuwa kazini. Wakamupata Spicer-Simson katika biro yake. Hakukuwa mutu mwingine.

Mimi na Toutou

Mashua zilikuwa mbili, za mbao, urefu wa karibu metre 12 kila moja. Spicer-Simson alilomba ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wakakatala. Akaleta majina ingine, Mimi na Toutou, nao wakakubali. Hawakujua kama kwa Kifaransa cha watoto ile majina iko karibu na paka na mbwa tu.

Mwezi wa 6 mwaka wa 1915 waliondoka London, wanaume karibu 27 na mashua zao. Meli mupaka Cape Town. Kisha gari la moshi, kilometa zaidi ya 3000, mupaka Fungurume, Katanga. Pale reli iliisha. Mbele yao kulikuwa milima ya Mitumba.

Hapa njo habari inakuwa yetu. Kuvuka ile milima kulichukua mwezi wa 8 na wa 9. Njia haikukuwa. Watu wa Katanga waliikata, wakaondoa miti na mawe, wakajenga madaraja zaidi ya 100. Mashini mbili za mvuke zilivuta mashua, na ngombe wengi pia. Mashini zilipokosa maji, wanawake wa vijiji waliyaleta juu ya vichwa. Kisha reli fupi, kisha muto Lualaba wenye maji yake ilikuwa imepunguka, kisha tena reli kutoka Kabalo. Mwisho wa mwezi wa 10, mashua zilifika karibu na ziwa, pale muto Lukuga unatokea, pahali penye leo tunaita Kalemie.

Ile vitabu vya Wazungu vinamusifu kwa safari hiyo. Alistahili sehemu yake. Lakini mashua zilibebwa na mikono ya watu wenye majina yao haikuandikwa pahali popote.

Kujificha mbele ya macho ya adui

Sasa alikuwa kwenye pwani, na Wajerumani walikuwa wanapita mbele yake. Kama angetia mashua ndani ya maji siku ileile, wangeziona na kuzipiga palepale. Hakufanya hivyo. Kwa karibu miezi miwili mashua zilibakia inchi kavu, na watu wakajenga bandari kwa mawe juu ya kuzuia mawimbi.

Wajerumani walishuku kitu. Walisikia kama Wabelgiji wanajenga meli. Mwanzo wa mwezi wa 12, ofisa mumoja, Job Rosenthal, mwenye alikuwa zamani ndani ya meli Königsberg, alikaribia usiku na Hedwig, akaingia majini na kuogelea mupaka pwani juu ya kuangalia na macho yake. Alifika, lakini Wabelgiji walimukamata. Kule kifungoni aliandika barua kwa wakubwa wake, na kati ya mistari akaficha habari ya kweli, akiiandika kwa mukojo wake juu isionekane. Wajerumani walikawia miezi kuivumbua. Ilikuwa imekwisha kupita wakati.

Mashua ziliingia majini siku chache tu mbele ya Noeli. Tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka wa 1915, siku ya yenga, Waingereza walikuwa katika maombi asubui wakati Kingani ilionekana. Spicer-Simson hakukatiza maombi. Alimaliza kwanza, kisha akatoa amri.

Musomaji, angalia vile walifanya, juu ni masomo ileile ya vijana wa Birere. Hawakumuendea adui kwa uso. Waliacha Kingani ipite, kisha wakatoka na kuifuata kwa nyuma. Mashua zao zilikuwa fupi kwa kimo, karibu na maji, na mashini zao zilikuwa za esanse. Meli za Wajerumani zilikuwa za mvuke, na moshi wa meli ya mvuke unaonekana mbali sana. Mutu mwenye macho yake iko metre 2 juu ya maji anaona mwisho wa ziwa kwa karibu kilometa 5 tu, lakini moshi wenye kupanda juu anauona hata wakati meli yenyewe ingali chini ya ule mwisho. Kwa hiyo mwenye kuwa chini anamuona mwenye kuwa juu, na mwenye kuwa juu anakawia kumuona.

Tena, Waingereza walijua kitu kingine: muzinga wa Kingani ulikuwa mbele, na haukuweza kupiga nyuma. Vita ilikawia dakika 11. Kamanda wa Kingani, Junge, alikufa, na mashua ikakamatwa. Waingereza wakaitengeneza, wakaitia muzinga mukubwa zaidi, wakaiita Fifi.

Kigoma hawakujua kitu gani kilipata Kingani. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka wa 1916, Hedwig ilikuja kutafuta habari. Mimi na Fifi zikatoka, pamoja na mashua za Wabelgiji. Siku ile joto na ukungu vilidanganya macho ya kila mutu, na masasi ya Fifi ilikuwa inapita juu ya adui. Mimi, yenye mbio zaidi, ilisogea, ikasumbua Hedwig mupaka ikageuka, na Fifi ikapata nafasi ya kupiga. Hedwig ikazama.

Kwa siku zile Spicer-Simson alikuwa mufalme wa Kalemie. Alivaa sketi yenye bibi yake alimushonea, na juu ya ngozi yake kulikuwa chale za nyoka na vipepeo. Waholoholo, wakaaji wa pale, walimupatia jina Bwana Kifunga-Tumbo, wakatengeneza sanamu yake kwa udongo. Mutu mwenye alificha mashua zake muzuri vile, yeye mwenyewe alipenda kuonekana na kila mutu.

Mizinga ya mbao

Sasa tufike pahali penye uchungu. Siku moja kisha Hedwig kuzama, Graf von Götzen ilipita mbele ya Kalemie, ikitafuta mwenzake. Watu wake walikuwa tayari. Spicer-Simson akakatala kutoka. Götzen ilikuwa kubwa sana, na ilibeba muzinga wa milimetre 105 kutoka Königsberg.

Hapa tuseme kidogo juu ya Königsberg. Hiyo ni meli ya vita ya Wajerumani yenye ilizamisha meli ya Waingereza Pegasus kule Zanzibar, mwezi wa 9 mwaka wa 1914. Kisha ilikimbilia ndani ya matawi ya muto Rufiji, Tanganyika, na kujifunika majani na miti juu meli za Uingereza zisiione kutoka baharini. Ilifichama kule kwa miezi mingi. Lakini ndege ziliiona kutoka juu, zikaongoza mizinga, na tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka wa 1915 ikaisha. Wajerumani wakatoa mizinga yake na kuitawanya. Mumoja njo ulifika Tanganyika.

Spicer-Simson alikuwa na haki ya kuogopa ule muzinga. Shida ni kwamba hakuchunguza tena. Miezi ilipita, Wajerumani wakaondoa ule muzinga na kuupeleka kwa vita ya inchi kavu, wakatia wa mbao pahali pake. Kutoka mbali, mbao na chuma ni kitu kimoja. Götzen ikaendelea kutisha watu bila meno.

Mwezi wa 6 mwaka wa 1916 akatumwa Bismarckburg, pahali penye leo panaitwa Kasanga, Tanzania. Kazi yake ilikuwa kufunga njia ya ziwa wakati waaskari wa Uingereza wanakuja kwa inchi kavu. Alifika, akaangalia ngome, akaona mizinga inamuelekea. Akarudi nyuma. Usiku Wajerumani wakapanda mitumbwi na kuondoka. Waaskari walipoingia ndani ya ngome, walikuta mizinga ya mbao.

Ukisoma maisha yake, unaona kama ile siku njo ilimuvunja. Alikuwa ameshinda kwa kudanganya macho ya wengine. Alishindwa juu macho yake mwenyewe ilidanganywa. Akagonjwa, akarudishwa Uingereza. Walimupatia medali, Wabelgiji pia wakamuheshimu, lakini hakuongoza tena meli kwenye vita.

Mwisho wa safari

Mwezi wa 6, ndege za Wabelgiji zilipiga Kigoma na mabomu. Tarehe 26 mwezi wa 7 mwaka wa 1916, mbele ya Wabelgiji kuingia, Wajerumani wenyewe walizamisha Götzen, lakini walipakaa mashini zake mafuta muzuri, juu walitumaini kurudia. Waliorudia ni wengine: Waingereza waliitoa majini mwaka wa 1924, na tangu 1927 ikatembea tena kwa jina Liemba. Watu wengi wa Kivu ya Kusini na Katanga wanalijua hilo jina. Mwaka wa 1997, Liemba njo ilirudisha wakimbizi wengi wa Congo kutoka Kigoma mupaka Uvira. Meli yenye ililetwa kwa kuua ikarudisha mama na watoto nyumbani.

Spicer-Simson alirudia kwa kazi yenye alijua kabisa. Mwaka wa 1919 alikuwa Paris, kwenye mazungumuzo ya amani, akitafsiri Kifaransa. Kutoka 1921 mupaka 1937 alikuwa katibu wa kwanza wa biro ya kimataifa ya kupima bahari, kule Monaco. Kisha akaenda kuishi British Columbia, na alikufa kule tarehe 29 mwezi wa 1 mwaka wa 1947, akiwa na miaka 71. Mwaka wa 1935 mwandikaji C. S. Forester alitoa kitabu The African Queen, chenye kilitoka katika ile vita ya ziwa, na sehemu ya filamu yake ya mwaka wa 1951 ilipigwa hapa Congo, kwenye muto Ruiki, karibu na Ubundu. Wengi waliona filamu bila kujua mutu wala ziwa.

Kuko wenye watauliza: habari ya muzungu wa zamani inatufaa nini? Mimi naona inatufaa. Ile ushindi wa Tanganyika ulifungua njia kwa Wabelgiji kuvuka ziwa, na mwaka uleule wa 1916 waliingia Kigali, kisha mwezi wa 9 wakafika Tabora. Walibakia Rwanda na Burundi mupaka 1962. Barrière yenye tunapitia kila asubui kutoka Birere, na maisha yote ya pande zake mbili, imeguswa na ile mambo. Na iliwezekana juu watu wa Katanga walikata njia na kubeba maji.

Nilirudia kwa wale vijana na kuwahadisia. Yule mwenye alipoteza nyambizi mara tatu alisikiliza muzuri, kisha akauliza kama mizinga ya mbao iko ndani ya muchezo. Nikamujibu hapana. Akafikiri kidogo. Akasema kama ingekuwa, angesogea polepole usiku na kuangalia karibu, mbele ya kukimbia. Hiyo njo kitu chenye Spicer-Simson hakufanya kule Kasanga. Mashua zake Kalemie zilishinda kwa sababu adui aliangalia vibaya, na siku yake mwenyewe ilipofika, naye hakuangalia muzuri.